Nimeshuti nasaha za bibi kwa slo mosheni, sauti hakuna hata chembe. Naomba msaada wakuu

Kulwa_Igoma
Jumapili, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za jumapili, sijalala vizuri toka jana kwa hiyo mtanisamehe kama naandika bila mpangilio. Jana nilikuwa na harusi hapa Mwanza, bwana harusi wa Ilemela, bibi harusi kwao Sengerema. Mchana tukashuka na maharusi pale Jiwe la Bismarck afu tukapanda Capri Point, mimi nikawa nataka lile shela lipepee polepole na upepo wa ziwa basi nikaweka kamera kwenye S&Q, yaani ile hali ya kushuti polepole au haraka (Slow and Quick), fremu 100 kwa sekunde kwenye mradi unaochezwa kwa fremu 25. Hizo zimetoka tamu sana sibishi. Sasa usiku nimefika ukumbini nimebadilisha betri, nimepima waiti balansi, nimefunga tripodi, nimefanya kila kitu isipokuwa kuitoa hiyo S&Q.

Kwa hiyo kuanzia wazazi wanaingia mpaka bibi mzaa mama wa bwana harusi anasimama kutoa nasaha, yote imeingia slo mosheni. Bibi ana miaka 80 na kitu, aliongea Kiswahili nusu Kisukuma nusu, ukumbi mzima ulilia mpaka MC akaomba kitambaa. Mimi nilichonacho kwenye kadi ni bibi wa watu anafungua mdomo polepole kama sato aliyetolewa majini (Mungu anisamehe), dakika 24, kimya kabisa. Na familia kitu cha kwanza walichoniuliza leo asubuhi ni "ile ya bibi umeipata vizuri eh?" nikajibu ndiyo mama iko vizuri. Uongo huo.

Naombeni kujua, hiyo sauti imejificha mahali kwenye kadi au ndo haipo? Na picha inaweza kurudi kasi ya kawaida bila kuharibika? Afu kuna kitu kingine, katikati umeme ulikatika wakawasha jenereta, toka hapo picha ina mikanda ya giza inapanda juu inapanda juu, kabla ya hapo haikuwepo. Na bibi ana chenga kama TV ya zamani wakati taa zilikuwa za kutosha tu kwa macho. Kamera ni ya mkononi, sensa ya inchi moja, niliinunua mtumba mwaka juzi na sijawahi kuisoma kitabu chake nakiri mwenyewe.

---

Edita_Buzuruga
Jumapili, saa 3:40 usiku

Pole sana mdogo wangu. Nikwambie ukweli mapema usije ukakesha unatafuta: sauti haipo. Haijajificha, haikuandikwa. Ukiwa kwenye S&Q ya Sony, au VFR (fremu zinazobadilika) ya Panasonic, kamera inakata sauti yenyewe, na ina sababu. Picha unaweza kuitanua mara nne mtu akasema oh inapendeza, sauti ukiitanua mara nne inashuka oktavu mbili, bibi angesikika kama kiboko wa Saanane. Zipo kamera mpya, mf. Canon C70, zinakuandikia sauti pembeni kwenye faili lake la WAV ukiwa slo mosheni, ila yako kwa maelezo uliyotoa siyo hizo.

Sasa picha usiwe na wasiwasi nayo. Fremu zote zipo, tena zipo nyingi kuliko unazohitaji. Dakika 24 ukigawa kwa 4 ni dakika 6, ndo urefu halisi wa maneno ya bibi. Kwenye programu ya kuediti ongeza kasi ya klipu asilimia 400. Mimi natumia Resolve, pale naenda kwenye sifa za klipu naibadilisha kutoka fremu 25 kuwa 100, yenyewe inajua kwamba hii inachezwa haraka. Usikubali iruke fremu tu, kama programu yako inaweza kuchanganya fremu nne kuwa moja chagua hiyo, kwa sababu mbili. Moja mikono ya bibi haitakatakata, maana fremu 100 zinashutiwa kwa shata fupi (muda sensa inaopokea mwanga), kila fremu ni kali mno na ukichukua moja ukaacha tatu mwendo unakuwa wa kuruka ruka kama panzi. Mbili zile chenga zitapungua, chenga za fremu moja siyo sawa na za fremu inayofuata, ukizichanganya nne zinafutana karibu nusu yake.

Sauti kaitafute kwa watu. Nenda kwa DJ leo leo, wengi wanarekodi kutoka kwenye miksa kwenda kwenye flashi kwa ajili ya kujitangaza, na maiki ya bibi si ilipita kwenye miksa? Hiyo ndo sauti bora kuliko hata ambayo kamera yako ingeipata. Ukikosa, waombe waalikwa, kwenye kila harusi Mwanza hii kuna shangazi aliyesimama mbele na simu yake toka mwanzo mpaka mwisho akikuziba. Leo huyo shangazi ndo mkombozi wako.

Kuoanisha sasa: usitafute kila neno. Tafuta m, b na p, hizo midomo lazima ifunge. Bibi akisema baba, mama, bwana, unaona kabisa midomo inagusana. Shika tatu, mwanzo, katikati na mwisho. Na Kisukuma kama hukijui mweke mtu anayekijua pembeni yako, usije ukaweka baraka kwenye mdomo unaokemea.

---

Kulwa_Igoma
Jumapili, saa 3:58 usiku

Dada asante sana, kidogo nimepumua. DJ nampigia sasa hivi. Ila hebu nisaidieni na kitu kingine, kwanini sikugundua? Yaani dakika sita zote. Nakumbuka ile kaunta ilikuwa inakimbia kama LUKU ukiwa umechomeka pasi na jiko kwa pamoja, nikasema labda macho yangu yamechoka

---

MzeeWaMikanda
Jumapili, saa 4:25 usiku

Vijana habari zenu. Kaunta ilikuwa inakwambia ukweli wewe ukaidharau. Ukiwa fremu 100 kwenye mradi wa 25 kila sekunde moja ya ukumbini inakuwa sekunde nne za mkanda, lazima ikimbie. Na kadi nayo ilikuwa inakwambia. Kamera inayoandika megabiti 50 kwa sekunde, dakika 6 za kawaida zinakula kama GB 2 na robo, zako zimekula GB 9. Kitu kingine ukiwa S&Q taimukodi (namba za muda zinazoandikwa kwenye kila fremu) haiendi na saa, inaenda pale tu unaporekodi, kwa hiyo kama mlikuwa na kamera mbili na mlitegemea taimukodi kuzipanga, hiyo ya kwako iko sayari nyingine. Uliza mwenzako kama alikuwepo.

Mimi nimeanza na VHS ya begani, betri inabebwa kama tofali, na slo mosheni tuliifanya wakati wa kuediti kwa kupunguza mwendo wa mkanda, picha inagandaganda kama mtu mwenye kigugumizi. Mnalalamika leo kwa sababu mna neema nyingi. Huu mchezo wenyewe ni wa kale kuliko video. Zamani kamera za filamu zilizungushwa kwa mkono, mpiga picha akizungusha haraka kuliko mtambo wa kuonyeshea, watu wanatembea polepole, akizungusha taratibu watu wanakimbia kama siafu. Ndo maana zile filamu bubu za zamani ukiziona leo watu wanatembea kama wamebanwa haja, wengi walizungusha fremu 16 au 18 hivi, leo zinachezwa 24. Hakuna siri nyingine kwenye S&Q yako. Unashuti kwa hesabu moja, unacheza kwa hesabu nyingine, ile tofauti ndo unayoiona.

Kwetu sisi mlango ulifunguliwa na Panasonic DVX100 mwaka 2002, kamera ndogo ya mkononi inayotoa fremu 24 kamili kama filamu, za huku kwenye mfumo wa PAL zikaja na 25. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa 50i, nusu fremu nusu fremu. Mwisho wa 2005 ikaja HVX200, hiyo ukiwa 720 unachagua mwenyewe fremu kuanzia 12 mpaka 60. Nakumbuka mtu alikuja nayo kutoka Nairobi tukashuti kivuko cha Kamanga kinatia nanga kwa fremu 60, yale maji yanavyopasuka kwenye mlango wa chuma, tulikaa tunaangalia hiyo klipu moja jioni nzima na chai ikapoa. Afu 2007 Sony wakatoa EX1. Wewe una fremu 100 kwenye HD kamili unazitumia kumnyamazisha bibi.

Nakutania kijana wangu. Yamenikuta makubwa kuliko hayo.

---

Kulwa_Igoma
Jumapili, saa 4:31 usiku

Shikamoo mzee. Nimecheka peke yangu gizani hapa. DJ hapokei simu

---

MzeeWaMikanda
Jumapili, saa 4:33 usiku

Marahaba. DJ jumapili hapokei mtu, mfuate kwake kesho asubuhi.

---

Ngosha50Hz
Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Naona habari ya mikanda ya giza imerukwa, hapo ndo kwenye eneo langu maana mchana mimi ni fundi umeme.

Umeme wetu ni hertzi 50, taa nyingi za ukumbini, tyubu na hizi LED za bei poa, zinapepesa mara mbili ya hapo, mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kanuni ni rahisi, shata yako ikikaa wazi muda wa mpepeso mmoja kamili au miwili haitaona kitu, yaani 1/100 au 1/50. Hii haijalishi fremu ngapi. Hata yule mwenye kamera ya mfumo wa Marekani inayoshuti 30 au 60 na haibadiliki, akija ukumbini kwetu na 1/60 taa zinamchezea, akienda 1/100 zinatulia.

Wewe kamera yako ilikuwa fremu 100, nadhani shata ilikuwa 1/200, ile kanuni ya kuweka shata mara mbili ya fremu. Kwa 1/200 unakamata nusu ya mpepeso tu. Sasa wakati umeme wa gridi upo, fremu 100 na mipepeso 100 zinaenda hatua moja, kwa hiyo kila fremu inakamata nusu ile ile, mikanda ilikuwepo ila imesimama mahali au inatambaa polepole mno, wewe ukadhani ni kivuli cha pambo. Ilipowashwa jenereta hatua zikaachana. Kajenereta kadogo ka petroli kanatakiwa kuzunguka mara 3000 kwa dakika ndo kitoe hertzi 50, nani anakapimia? Fundi akikakaza kidogo kanakwenda 52, friji ya soda ikiwaka kanaishiwa pumzi kanashuka, ikizima kanapanda. Taa zinapepesa 104, saa nyingine 98, kamera iko pale pale 100, hapo ndo mikanda inaanza kupanda kama wapagazi wa Mwaloni.

Dawa ukiwa palepale: nenda shata 1/100 hata kama uko fremu 100, na kama bado inatembea tafuta kwenye menyu kitu kinaitwa ECS, Sony nyingi za kazi wanacho, unazungusha shata kidogo kidogo kwa desimali mpaka mikanda inasimama. Hiyo hiyo ndo dawa ya zile skrini kubwa za LED nyuma ya maharusi na mapambo ya taa yanayobadilika rangi. Dawa baada ya maji kumwagika: programu za kuondoa kupepesa zipo, kwenye Resolve iko toleo la kulipia siyo la bure. Zinapunguza, hazimalizi.

Na chenga zako zimetoka hapo hapo. Kutoka 1/50 kwenda 1/200 umekata mwanga mpaka robo. Kamera ikiwa otomatiki itakuongezea geini (kukuza mawimbi ya sensa) ya desibeli 12 kufidia bila kukwambia. Macho yako yaliona taa za kutosha, sensa ilikuwa inapapasa.

---

SimuYanguTu
Jumatatu, saa 2:10 asubuhi

mnajitesa bure na makamera ya tofali, simu yangu inapiga fremu 240 na sauti inarekodi, natia mfukoni naondoka. nasaha za bibi ningezipata zote

---

Edita_Buzuruga
Jumatatu, saa 2:48 asubuhi

Na mimi ndo ninayeletewa hizo za simu niediti kwa hiyo acha nikuambie kitu. Simu yako ukiiambia 30 haipigi 30. Taa zikipungua inapiga 24, ikipata joto inapiga 27, zikiongezeka inarudi, ndani ya klipu moja. Ukiweka kwenye taimulaini mwanzo sauti iko kwenye mdomo, dakika ya tano mdomo umeshafunga sauti bado inakuja. Hiyo siyo sawa na S&Q ingawa wote wanaita fremu zinazobadilika. Kwenye kamera ya kazi wewe ndo unaamua kubadilisha na inashikilia hapo hapo, kwenye simu inaamua yenyewe. Kulwa kama utapata klipu ya shangazi ipitishe kwanza kwenye HandBrake, ni ya bure, chagua fremu zisizobadilika, ndo uilete kwenye mradi. Ukiacha hii hatua utanilaumu mimi.

Ila sikatai simu, mchana juani fremu 240 za simu ni nzuri. Usiku ukumbini jaribu uone.

---

Mpiga_Nansio
Jumatatu, saa 6:20 mchana

Nami nichangie kutoka huku Ukerewe, nina EX1 kuukuu ya huyo mwaka 2007 anaousema mzee na bado inanilisha. Hiyo S&Q watu wanaitumia upande mmoja tu, wa polepole. Upande wa haraka nao una utamu wake. EX1 ukiwa 1080 unachagua fremu 1 mpaka 30, ukiwa 720 mpaka 60. Mimi usiku napanda kwenye jiwe naangalia mitumbwi ya dagaa, naweka fremu 1 kwa sekunde, shata naizima, kwa hiyo kila fremu inakula mwanga karibu sekunde nzima. Masaa mawili ni fremu 7200, kwenye mradi wa 25 ni dakika 4 na sekunde 48, ziwa zima limejaa taa zinateleza kama mji unaohama. Kila kitu mkono: fokasi mkono, airisi mkono, waiti balansi mkono, ukiacha otomatiki kila mtumbwi ukipita karibu picha nzima inashtuka. Na angalia mwezi, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawatoki, utakaa na kamera yako na mbu.

Kama kamera yako ina intavo hiyo ni tofauti kidogo, inapiga fremu moja inalala, mf. kila sekunde 5. Masaa mawili hapo ni fremu 1440, yaani sekunde 57 na kitu. Mawingu ya jioni yanataka hiyo. Watu wanaotembea sokoni usiwawekee, wanakuwa nzi. Sokoni fremu 12 inatosha, na hata hiyo itumie kwa mizaha siyo kwenye msiba, nimeshaona.

Kilichonileta hasa ni hiki, hakuna aliyekutajia prirekodi. Wengine wanaita kashe. Kamera inakuwa inarekodi muda wote kwenye kumbukumbu yake ya ndani na kufuta, inarekodi inafuta, ukibonyeza REC inakupa na sekunde zilizopita kabla hujabonyeza, kamera nyingine 3, nyingine mpaka 15. Furukombe akishuka kuchukua samaki ni sekunde mbili, ukisubiri umuone ndo ubonyeze unapata mawimbi. Kwa kashe unabonyeza akishaondoka na samaki wake. Juni kwenye sikukuu ya Bulabo kule Bujora ndo ilinisaidia kabisa, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Wasukuma, wanashindana, huwezi kujua nani atarusha jembe juu saa ngapi au nani ataleta chatu uwanjani, wewe unakaa umeelekeza tu. Tahadhari ni mbili. Inakula betri maana kamera haipumziki, na inabeba maneno yako. Mimi nilikuwa namwambia msaidizi wangu kwamba mwenye shughuli hajatulipa hata ya nauli, sekunde 15 zikaingia mwanzo wa klipu, nikampelekea hivyo hivyo.

Alilipa siku hiyo hiyo lakini 😂

Kashe na S&Q kamera nyingi hazikubali kwa pamoja, chagua moja.

---

Kulwa_Igoma
Jumatatu, saa 10:02 jioni

Wakuu taarifa. DJ nimemkuta kwake Mabatini. Anarekodi kweli, ila alirekodi muziki tu, maiki aliitoa ili isiingie kwenye miksi yake ya kujitangaza. Nilikaa kwenye ngazi zake nikaishiwa nguvu. Sasa nimepata shangazi, siyo mmoja ni wawili, mmoja amepiga mpaka dakika ya nne simu ikajaa, mwingine alikuwa nyuma sauti ya mbali ila ipo yote. Nawatumia wote. Lakini nataka kuuliza kabla sijaenda kazi nyingine jumamosi, si bora nishuti 50p (fremu kamili 50 kwa sekunde) kila kitu, sauti ipo, nikitaka polepole napunguza mwenyewe?

---

MzeeWaMikanda
Jumatatu, saa 11:15 jioni

Ndiyo. Penye mtu anayeongea, 50p au 25p basi, S&Q isiguswe. 50p kwenye mradi wa 25 inakupa polepole ya nusu, na kwa harusi nusu inatosha, keki na shela na machozi vyote vinapendeza kwa nusu. Ile robo ya fremu 100 weka kwa vitu visivyo na mdomo. Maji, kitambaa, mchele unaorushwa, miguu ya wacheza Bugobogobo. Ila hakikisha ni 50 yenye p, siyo 50 yenye i. Ile ya i ni nusu fremu 50, yaani fremu kamili 25, ukiipunguza mwendo bila kuitenganisha vizuri unapata meno ya kitana kwenye kila kinachotembea.

---

Edita_Buzuruga
Jumatatu, saa 11:40 jioni

Mzee shikamoo, hapa nitabishana na wewe kidogo kwa heshima. 50p ukumbini ukifuata ile kanuni ni shata 1/100, umeshapoteza nusu ya mwanga kwa usiku mzima kwa ajili ya vipande viwili vitatu utakavyopunguza. Kumbi zetu unazijua. Mimi nawaambia vijana wangu ukumbini 25p, 1/50, wanaongea wasiongee. Akitaka slo mosheni ya keki abadilishe aibadilishe tena.

---

Ngosha50Hz
Jumatatu, saa 12:20 jioni

Ipo njia ya katikati. 50p na shata 1/50. Inaruhusiwa, shata inakaa wazi fremu nzima, mwanga ni ule ule wa 25p, taa hazipepesi kwa sababu 1/50 ni mipepeso miwili kamili. Ukipunguza nusu mwendo unakuwa na ukungu kidogo kuliko kawaida, kwa shela na dansi hakuna mteja atakayekuambia. Nafasi siyo tatizo, AVCHD (aina ya faili za video) ya 50p ni megabiti 28 kwa sekunde juu kabisa, kama GB 12 na nusu kwa saa. Na ukikopi usichukue zile faili za MTS peke yake, beba folda zima lilivyo, klipu ndefu zinakatwa kila GB 2 au 4 na ukizitoa kwenye folda lake kuna programu zinaacha fremu kadhaa kwenye kiungo.

---

MzeeWaMikanda
Jumatatu, saa 1:02 usiku

Marahaba mwanangu Edita. Fundi umeme ametuamulia, 50p kwa 1/50, nakubali yaishe.

---

Kulwa_Igoma
Jumatano, saa 5:47 usiku

Jamani nimemaliza. Nimechanganya fremu nne nne, bibi anaongea mwendo wake, chenga zimepungua kweli. Sauti ya shangazi wa mbele nimeitumia mpaka dakika ya nne, nilisahau HandBrake mara ya kwanza ikachelewa kama alivyosema dada, nikarudia ikakaa. Dakika mbili za mwisho ni shangazi wa nyuma, sauti ya mbali, mtoto analia na sahani zinagongana, basi hapo nikaweka picha za waalikwa wanalia badala ya mdomo wa bibi, ile mikanda ya jenereta nayo ilikuwa mbaya zaidi hapo. Dada ile ya m na b imefanya kazi, mama yangu mzazi ndo alikuwa mkalimani, kuna sehemu mbili alinisimamisha, "hapo umempa maneno ya mbele".

Leo nimewapelekea. Sijawaambia kilichotokea. Mama mwenye harusi ameangalia mara mbili, afu akauliza mbona mwishoni bibi haonekani.

---

Edita_Buzuruga
Alhamisi, saa 2:15 asubuhi

Mwambie ukweli tu mdogo wangu, bado mapema. Na mpe ile ya kimya ya dakika 24 kwenye flashi yake pembeni, bila kuigusa. Ana bibi wa miaka 80 na kitu, uso wake umechukuliwa fremu 100 kwa sekunde, ataitaka.

---

Kulwa_Igoma
Alhamisi, saa 2:31 asubuhi

Sikufikiria hilo. Naenda nayo jioni. Afu kile kitufe cha S&Q nimekibandika plasta juu, ile ya kidonda

---

Mpiga_Nansio
Alhamisi, saa 3:00 asubuhi

plasta inaacha gundi, weka tepu ya fundi umeme. Ngosha ana za kutosha